Klova nyekundu katika baridi ya Nairobi: tathmini ya pakiti moja ya mbegu

Nilinunua pakiti ya gramu 500 ya mbegu za klova nyekundu mwezi wa Aprili 2024, katika duka moja la pembejeo katikati ya jiji, kwa shilingi 1,400. Nilizipanda Waithaka, upande wa Dagoretti hapa Nairobi, katika shamba dogo la matuta sita lililo nyuma ya nyumba yetu, nikaikata klova na kuifukia mwanzoni mwa Septemba, kisha nikapanda sukuma wiki na vitunguu juu yake. Sasa nimeuona mzunguko mzima, tangu mbegu hadi mboga mezani. Ninaandika kwa sababu nilipotafuta neno la mtu aliyeijaribu mbegu hii huku kwetu, niliyoyapata yote yalikuwa ya wakulima wa Uingereza na Marekani, ambao baridi yao huja na theluji na siku fupi, ilhali baridi yetu ni ya mawingu na manyunyu, na jua letu huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima.

Kwanza niseme jambo kuhusu jina, kwa kuwa tafsiri za mashine huweza kuuita mmea huu karafuu, na karafuu ni kiungo cha Pemba na Unguja kisichohusiana nao hata kidogo. Klova ni mmea mdogo wa jamii ya kunde, wenye vijani vitatu katika kikonyo kimoja, na klova nyekundu hutambulikana kwa vinyweleo laini vya shina lake na kwa alama nyeupe iliyofifia, mfano wa ncha ya mshale, katikati ya kila kijani. Wakulima wa Ulaya wameipanda kwa karne nyingi ili kulisha mifugo na kuurudishia udongo nguvu. Katika mzunguko wa Norfolk, uliosifika Uingereza katika karne ya 18, shamba lilipandwa kwa zamu ngano, tanipu (mboga ya mzizi), shayiri na klova, na lilipofika zamu ya klova halikuhitaji tena kuachwa tupu kwa mwaka mzima. Anayeipanda kwa ajili ya mbolea ya kijani haivuni. Anaikuza, anaikata ikiwa bado laini, na anaifukia papo hapo ili ioze na kuwa chakula cha zao linalofuata.

Huko Uingereza klova hupandwa Agosti au mapema Septemba, hukaa ardhini majira yote ya baridi, na hufukiwa wakati joto linaporudi. Mimi nilitaka kujua kama inaweza kuujaza muda ambao matuta yangu hukaa bure, yaani kati ya mwisho wa masika na mwanzo wa vuli. Juni, Julai na Agosti huku Dagoretti, karibu mita 1,800 juu ya bahari, usiku hufika nyuzi 11 na mchana mara nyingi hauzidi 22. Mvua ya maana hakuna, maji ya bomba hayatoshi kumwagilia mboga, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiyaacha matuta hayo yaote kishona nguo, kisha nayalima tena Oktoba udongo ukiwa mgumu kuliko nilivyouacha. Klova hupenda ubaridi wa namna hiyo hasa, nyuzi 15 hadi 24, na ikishashika mizizi manyunyu huitosha kwa sehemu kubwa.

Kabla ya kupanda nilipeleka udongo kupimwa katika maabara ya KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete, na majibu yakaonyesha uchachu wa pH 5.4 (kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi). Haikunishangaza, kwa kuwa mwenye shamba aliyetutangulia alitumia DAP kila msimu, na mbolea hiyo huongeza uchachu wa udongo mwekundu mwaka baada ya mwaka. Klova hutaka pH kati ya 6 na 7. Nilitia chokaa ya kilimo, kama kilo mbili kwa kila mita za mraba kumi, nikaichanganya na udongo wa juu. Pakiti haisemi lolote kuhusu chokaa, na hili ni pungufu lake la kwanza, maana anayepanda katika udongo uliochacha bila kujua atalaumu mbegu kwa kosa lisilo la mbegu.

Mbegu zenyewe ni nzuri. Ni ndogo sana, gramu moja ina mbegu zaidi ya mia tano, na ukizimimina kiganjani utaona nyingine za rangi ya manjano na nyingine za zambarau, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Sikukuta makapi wala mbegu za magugu. Nilihesabu mia moja, nikazitandaza juu ya kitambaa chenye maji, na baada ya siku saba themanini na saba zilikuwa zimechipua. Kipimo nilichotumia shambani ni gramu mbili kwa mita moja ya mraba, zikichanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja, kisha nikazifunika kwa reki kwa kina kisichozidi sentimita moja na kuushindilia udongo kwa ubao. Anayezifukia kwa kina cha maharagwe hataona kitu.

Aprili 2024 ilikuwa ya mafuriko, kama kila mkaazi wa Nairobi anavyokumbuka, na wengi walipoteza mengi kuliko mbegu. Nilikuwa nimepanda matuta manne yenye jumla ya mita 48 za mraba, na mvua ya usiku mmoja ikazisomba mbegu zote hadi kwenye mtaro wa jirani. Nilisubiri, nikapanda upya katikati ya Mei mvua ilipotulia, na ninaamini kwamba hata katika mwaka wa kawaida Mei ndiyo tarehe bora huku kwetu, kwa sababu mbegu hupata unyevu wa mwisho wa masika bila kupigwa na dhoruba zake.

Mbegu zilichomoza siku ya sita. Yafaa mkulima ajue sura ya mche, kwa kuwa hapa ndipo nilipokaribia kung'oa kisichopaswa kung'olewa. Huanza majani mawili ya mbegu, madogo ya mviringo, kisha jani la kwanza la kweli ambalo ni moja tu, si matatu, na vijani vitatu huonekana kuanzia jani linalofuata. Wakati huo huo magugu ya oksalisi huwa yamejaa kila mahali, nayo pia yana vijani vitatu. Tofauti ni kwamba kijani cha oksalisi kina umbo la moyo na ukikitafuna ni kichachu kama ndimu, wala hakina nywele, na ukiyavuta magugu hayo kwa upole utakuta vitunguu vidogo chini ya ardhi. Niliketi juu ya ndoo kwa jioni tatu nikiyatoa kwa kisu, moja moja. Klova ni mvivu kwa wiki sita za kwanza, na asiyeipalilia katika kipindi hicho ataipoteza. Baada ya hapo huziba ardhi yenyewe na magugu hayapati mwanga.

Sasa nifike kwenye bakteria, jambo ambalo ningependa kila anayenunua pakiti hii alielewe kabla ya kutoa pesa. Klova haitengenezi naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani ya mimea, kwa uwezo wake peke yake. Mwaka wa 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde huitoa naitrojeni hewani kwa msaada wa viumbe wadogo wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi, na tangu hapo imejulikana pia kwamba kila kundi la mikunde lina bakteria wake. Wanaoishi na maharagwe si wale wanaoishi na klova. Bakteria wasipokuwepo, klova huwa nyasi ya kawaida inayokula naitrojeni ya udongo badala ya kuiongeza, na ukiifukia unaurudishia udongo kile kile ilichokitoa humo.

Nyuma ya pakiti pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba mbegu hazikupakwa bakteria na kwamba mkulima azipake mwenyewe ikiwa shamba lake halijawahi kuota klova. Nilimwonyesha muuzaji maandishi hayo. Alinipa pakiti ya unga mweusi wa bakteria uliokusudiwa maharagwe, akaniambia, "Chukua hii, mama, zote ni kunde, kazi ni moja." Nikaongeza shilingi 300 nikaichukua. Bidhaa hiyo ni njema kwa maharagwe, na nimewahi kuitumia kwa maharagwe nikafurahi. Kosa lilikuwa kuiuza kwa kazi ambayo haikutengenezewa, na ningependa wauzaji wetu wawe wanasema tu "hiyo hatuna" pale ambapo hawana.

Aliyenizindua ni binamu yangu aliyesomea kilimo, nilipomweleza kwa simu kabla ya kupanda mara ya pili. Aliniuliza kama ninajua mahali penye klova nyeupe, ile ya maua meupe inayoota katikati ya nyasi za bustani za watu, kwa sababu hiyo na nyekundu hutumia bakteria wa aina moja. Aliniambia nisichukue udongo wa klova za porini za milimani kwetu, ambazo ni za asili ya Afrika, kwa kuwa bakteria wao mara nyingi hawaelewani na klova za Ulaya. Nikakumbuka uwanja wa kanisa letu. Nilipewa ruhusa ya kuchimba ndoo mbili kutoka chini ya klova nyeupe, nikaukinga udongo huo na jua kwa gunia lenye maji, na jioni hiyo hiyo nikaunyunyiza kwenye matuta mawili na kuufunika kwa reki. Matuta mengine mawili niliyapanda kwa mbegu zilizopakwa unga wa maharagwe, na mawili ya mwisho niliyaacha bila klova ili niwe na kitu cha kulinganisha.

Kufikia mwisho wa Julai hapakuhitajika mtaalamu wa kutofautisha. Klova ya matuta ya kanisa, ndivyo watoto walivyoyaita, ilikuwa ya kijani kilichokolea na ilinifika chini kidogo ya goti. Ile ya unga wa maharagwe ilikuwa fupi na ya rangi ya ndimu iliyoiva. Niling'oa mche mmoja kila upande kwa kijiti, si kwa kuvuta, maana ukivuta vinundu hubaki ardhini, nikaiosha mizizi ndani ya karai. Mche wa kwanza ulikuwa na vinundu vingi virefu kiasi, kama punje za mchele mdogo, vimeshikana karibu na mzizi mkuu. Nilikipasua kimoja kwa ukucha na ndani kilikuwa cha waridi, karibu na rangi ya damu, na hiyo ndiyo ishara ya kinundu kinachofanya kazi. Mche wa pili ulikuwa na vinundu vichache vilivyotawanyika, vidogo kama mbegu za mchicha, na nilipovipasua vilikuwa vyeupe.

Pungufu kubwa zaidi la pakiti hii ni kalenda yake. Imeandikwa kwamba klova ikatwe na kufukiwa mara maua ya kwanza yanapoonekana. Maagizo hayo ni sahihi kule yalikoandikiwa, kwa sababu klova nyekundu ni mmea unaosubiri siku ndefu ndipo uchanue, na huko Ulaya mchana wa kiangazi hupita saa kumi na nne kwa urahisi. Sisi tuko nyuzi moja na ushee kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, ukiongezeka au kupungua kwa dakika chache tu. Nilianza kuyatafuta maua Julai. Nikayatafuta Agosti yote, asubuhi na jioni, nikidhani nimekosea mahali fulani, na mwisho wa mwezi katika matuta manne sikuwa nimeona hata ua moja. Mimea ilikuwa na afya, ila haikuwa na sababu ya kuchanua. Anayeyafuata maandishi ya pakiti kwa uaminifu huku Nairobi atasubiri hadi vuli imfikie, na klova yake itakuwa imekomaa na kuwa ngumu, na shina gumu huoza polepole huku viumbe vya udongo vikinyang'anya naitrojeni iliyopo ili viweze kulila.

Kipimo nilichojitengenezea ni cha kidole. Nilikuwa nikichukua shina karibu na ardhi na kulikunja: likivunjika lenye maji na bila nyuzi, bado kuna muda, likianza kubaki limeshikana kwa nyuzi, siku imefika. Kwangu ilikuwa Septemba 3, wiki ya kumi na sita tangu kupanda, na tarehe hiyo iliniachia pia wiki nne kabla ya mvua za vuli, muda ambao kazi ya kuoza huuhitaji.

Jirani yetu mzee, anayefuga ng'ombe wawili ndani ya boma, alinikuta nikiifyeka. Alisimama kwenye ua kwa muda, kisha akasema, "Mama, chakula cha ng'ombe kizuri namna hii, unakizika?" Nilimjibu, "Mzee, hata udongo una njaa." Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa klova ni malisho bora yenye protini nyingi, na katika mtaa ambao nyasi za nepia za kulishia ng'ombe hununuliwa kwa mzigo, kufukia majani mabichi kunaonekana kama kutupa pesa. Tulikubaliana achukue mkokoteni mmoja kutoka kingo za matuta, naye aniletee samadi iliyoiva. Nilimwomba asiwape ng'ombe klova mbichi peke yake, hasa ikiwa na umande, kwa sababu huwafurisha tumbo kwa gesi na ng'ombe anaweza kufa kwa saa chache. Aliianika nusu siku na kuichanganya na nepia, nao wakaila bila shida. Mwenye mifugo anaweza kuitumia pakiti hii kwa njia hiyo, mradi samadi irudi shambani, la sivyo naitrojeni yote imetoka pamoja na maziwa.

Kufukia kwenyewe si kazi ndogo. Nilifyeka kwa slasha, nikayaacha majani yanyauke siku mbili, nikayakatakata kwa jembe na kuyachanganya na udongo hadi kina cha sentimita kumi na tano. Klova nyekundu ni ya kudumu, si ya msimu mmoja, na ina mzizi mkuu unaozama kama wa karoti. Shingo ya mzizi isipokatwa vizuri huchipua tena. Ilichipua. Hadi Novemba nilikuwa bado naing'oa katikati ya sukuma wiki, na kwa mtu mwenye mgongo unaouma ningemshauri atafute klova ya maua mekundu sana, ile ya msimu mmoja, ambayo hufa moja kwa moja ikikatwa, iwapo ataipata dukani. Mimi sikuipata katika maduka manne niliyouliza.

Nilifanya pia kosa la haraka. Siku ya kumi baada ya kufukia nilitupa mbegu za dhania kwenye pembe ya tuta moja, na zilizoota hazikufika robo, na miche mingi kati ya hiyo ikalala chini na kuoza shingoni. Majani mabichi yanapoanza kuoza hutoa vitu vinavyozuia mbegu ndogo kuota, na kuvu wa kuozesha miche hustawi humo. Miche ya sukuma wiki na vitunguu niliyoihamisha kutoka kitaluni Septemba 28 haikupata tatizo lolote.

Matokeo ninayaeleza kama nilivyoyaona, kwa jicho na kwa jembe. Sukuma wiki ya matuta ya kanisa ilikuwa ya kijani cha samawati iliyokolea na nilianza kuichuma wiki ya sita. Ya matuta yaliyoachwa tupu ilibaki ya rangi hafifu hadi nilipoitia CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, mwishoni mwa Oktoba. Yale ya unga wa maharagwe yalikuwa bora kidogo tu kuliko matupu. Lililonigusa zaidi lilikuwa udongo. Udongo wetu mwekundu una tabia ya kufanya gamba juu baada ya mvua kubwa, na maji hutiririka juu yake badala ya kuingia. Katika matuta yote manne yaliyokuwa na klova gamba hilo halikutokea vuli nzima, jembe liliingia hadi mpini ulipoanzia, na bonge la udongo nililoliinua lilivunjika mkononi kuwa chembe chembe zenye mizizi myembamba ndani, na nyungunyungu wakubwa ambao sikuwa nimewaona humo tangu tuhamie.

Ninataka kuwa mkweli kuhusu hesabu. Mbegu zilizoota kwa mita zangu 48 zilikuwa gramu 96, yaani shilingi 270 hivi. Mtu akitaka naitrojeni tu, kilo mbili za CAN, inayonunuliwa kwa rejareja katika duka lolote la pembejeo, zingempa naitrojeni inayotosha eneo hilo kwa gharama ndogo kuliko hiyo na bila jioni tatu za kuketi juu ya ndoo. Kwa mwenye ekari kadhaa hesabu hubadilika, na aliyenunua gunia la mbolea la kilo 50 mwaka wa 2022, bei ilipopanda sana, atakumbuka kwa nini. Kwangu thamani ya klova ni ule udongo unaovunjika mkononi, ambao hakuna gunia linalouuza. Wala klova haiongezi fosforasi wala potasiamu kutoka hewani. Inavirudisha tu vilivyokuwa tayari ardhini, kwa hiyo samadi ya mzee jirani bado ninaihitaji.

Kuhusu mahali pa kuipanda, nilimpa wifi yangu anayeishi Ruai gramu 20 ajaribu. Udongo wa huko ni ule mweusi unaonata, na Mei maji yalisimama juu yake kwa siku nyingi, kisha Agosti ukapasuka nyufa zinazoweza kumeza kidole. Iliota sehemu moja ya kitalu, iliyoinuka. Klova nyekundu haivumilii miguu yake ikae ndani ya maji, na kwa upande wa mashariki wa jiji sioni sababu ya kuinunua.

Wengine wameniuliza kwa nini nisitumie njahi au mukuna, mikunde mingine ya mbolea ya kijani ambayo mbegu zake zinapatikana kwa urahisi zaidi. Kwa Machi au Oktoba ningetumia njahi bila kusita. Lakini zote mbili hupenda joto, na zikipandwa mwishoni mwa Mei huku Dagoretti hukaa zimejikunyata hadi Septemba, wakati klova inakua. Asiyefaa kupanda klova hata katika baridi ni mwenye nyanya zilizoshambuliwa na minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ivimbe mafundo mafundo, kwa sababu minyoo hiyo huishi pia katika mizizi ya klova na utawalisha kwa miezi minne. Huyo apande marejea, mmea mwingine wa jamii ya kunde, ambao huipunguza minyoo hiyo.

Kwa ubora wa mbegu ninaipa pakiti hii nyota tano, na kwa maandishi yake nyota mbili. Kampuni inayoifunga ingefanya vyema kuandika tarehe za kupanda kwa nyanda za juu za Kenya, kuliondoa lile agizo la maua, na kutoa pakiti ya gramu 100, maana gramu 500 zinatosha mita 250 za mraba na wachache wetu mjini tuna eneo hilo. Zilizonibakia, karibu gramu 290, nimezitia ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kitambaa chenye mchele uliokaangwa wa kunyonya unyevu, na chupa iko chini ya kitanda ambapo kuna giza na ubaridi. Nimekwisha kuomba ndoo nyingine nne za udongo kanisani kwa ajili ya wiki ya pili ya Mei.